Rangi Mpya Si Afya ya Boti

Mtumbwi wa mbao ukizeeka hausemi uongo. Mbao hupasuka, misumari huliwa na kutu, kalafati hutoka, na maji huingia mbele ya macho ya mwenyewe. Hata mtoto aliyeketi ufukoni hutambua kwamba chombo kile chahitaji fundi. Boti ya faibaglasi, ndugu msomaji, haina tabia hiyo njema. Haipati kutu, wala hailiwi na mchwa. Yaweza kulala nyasini miaka kumi, ikapakwa rangi jioni, na asubuhi ikang'aa kama iliyotoka kiwandani jana. Ugonjwa wake umo ndani, na ndani hakuonekani kwa macho matupu.

Jambo hili latuhusu sana sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria. Kutoka Majanji hadi Port Bell, Entebbe na Visiwa vya Ssese, boti ya faibaglasi yenye injini ya kutundikwa nyuma ndiyo miguu ya polisi wa majini na ya askari wanaolinda ziwa, na mara nyingi ndiyo miguu ya jamaa zao waendao hospitali au msibani. Nyingi ya boti hizo si changa. Hufanya kazi, huharibika, huvutwa nchi kavu kungoja kipuri, na hukaa huko misimu kadhaa ya mvua na jua. Kisha siku moja amri huja: boti ishushwe majini kesho alfajiri. Makala haya yahusu saa zile zilizo baina ya amri na maji.

Gharama ya kuzipuuza saa hizo tunaijua. Tarehe 24 Novemba 2018, chombo cha starehe kiitwacho MV Templar kilizama katika wilaya ya Mukono, si mbali na nchi kavu, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Polisi walieleza kuwa chombo kilikuwa kibovu na kilikuwa kimepakia watu kupita kiasi. Wala hakikuwa na leseni. Kilikuwa kikubwa kuliko boti ndogo tunazozizungumzia leo, lakini somo lake ni lile lile: ubovu ambao ungeweza kupimwa nchi kavu ulipelekwa majini pamoja na watu.

Faibaglasi ni kitu gani?

Ni nyuzi nyembamba sana za kioo, zilizofumwa kama kitambaa, kisha zikaloweshwa kwa rezini, yaani gundi ya maji maji inayoganda na kuwa ngumu. Tabaka kadhaa hulazwa moja juu ya nyingine, na nje huwekwa ngozi laini ya rangi ambayo mafundi huiita jelikoti. Lakini asidhani mtu kwamba boti nzima ni kioo na gundi. Boti nyingi za zamani zina mbao zilizofichwa: plaiwudi ndani ya ukuta wa tezi ambako injini hutundikwa, na mihimili ya mbao chini ya sakafu. Tena zina povu gumu lililomiminwa chini ya sakafu na viti ili boti ielee hata ikijaa maji.

Mwili huu una maadui watatu. Wa kwanza ni jua. Mstari wa ikweta wapita katika ziwa letu, na jua la hapa huila jelikoti hata ikawa unga kama chaki. Wa pili ni mshindo: mwamba uliogongwa, gati lililopigwa kwa pupa, na mawimbi yanayoirusha boti yenye injini nzito.

Adui wa tatu ni maji yenyewe. Wengi hudhani kwamba maji baridi ya ziwa hayana madhara kwa kuwa hayana chumvi. Kwa vyuma ni kweli, maana kutu huwa chache kuliko baharini. Kwa faibaglasi mambo huwa kinyume. Maji hupenya jelikoti pole pole, yakakutana na mabaki ya dawa zilizotumiwa kiwandani, na mchanganyiko huo mzito ukazidi kuvuta maji mengine, mithili ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Kadiri maji ya nje yalivyo matupu bila chumvi, na kadiri yalivyo ya vuguvugu, ndivyo mvuto huo unavyozidi. Matokeo yake ni malengelenge yanayofumka tumboni mwa boti, mahali ambapo dereva hatazami kamwe.

Osha kwanza, ukague baadaye

Kazi ya ukaguzi ni ya asubuhi moja, na vifaa vyake havihitaji fedha nyingi: ndoo ya maji na sabuni, tochi, sarafu au bisibisi yenye mpini wa plastiki, kitambaa kikavu, kipande cha chaki, daftari na kalamu. Boti iwe nchi kavu, imekaa imara juu ya magogo au kigari chake, na tumbo lake lionekane. Isukutuliwe matope na ukoga wote. Boti chafu haikaguliki, kama vile mgonjwa aliyevaa koti zito asivyoweza kupimwa kifua.

Ikikauka, zunguka polepole wakati wa asubuhi au jioni, jua linapopiga kwa upande, kwa kuwa wakati huo mabonde na vivimbe huonekana vizuri kuliko saa sita mchana. Pitisha kiganja. Ukiona unga mweupe mkononi, jelikoti imechoka. Ukikuta nyufa nyembamba kama unywele, zilizotawanyika juu juu, huenda ni ngozi tu. Lakini nyufa zilizopangika kama miali ya nyota huonyesha kwamba mahali hapo palipigwa, na nyufa zifuatazo pembe, msingi wa kiti au mkuku huonyesha kwamba mwili unajikunja kupita kiasi. Bonyeza kando ya ufa kwa nguvu. Ufa ukifunguka na kufumba kama mdomo, umeingia katika nyuzi. Kisha ingia ndani ukatazame mahali pale pale kwa tochi.

Lengelenge likikutwa, usilitoboe huku uso ukiwa karibu, maana maji yake hukaa kwa msukumo na yaweza kuruka machoni. Maji yenye harufu ya siki ni dalili kwamba rezini imeanza kuharibika. Malengelenge machache hayazamishi boti leo. Malengelenge mamia, au makubwa kama kiganja, yahitaji fundi kabla ya safari.

Gonga, usikie

Mama akinunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole kabla ya kulipa. Hajasoma chuo cha ufinyanzi. Sikio lake lamtosha. Boti nayo hupimwa hivyo hivyo. Gonga tumbo na mbavu kwa sarafu au kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua, kila upana wa kiganja. Mahali pazima hutoa sauti kali na fupi. Mahali ambapo tabaka zimeachana, au ambapo mbao ya ndani imelowa, hutoa sauti butu, kama ya kugonga papai lililoiva. Zungushia chaki kila mahali penye sauti hiyo.

Yafaa kukumbuka kwamba sauti hubadilika pia palipo na muhimili upande wa ndani. Kwa hiyo linganisha ubavu wa kulia na wa kushoto. Boti ni kama mwili wa mtu: kilichopo huku kipo na kule. Sauti ikitofautiana baina ya pande mbili zilizo sawa, hapo pana swali linalodai jibu.

Ukuta wa tezi: moyo wa hatari

Kama nafasi ya kukagua ingekuwa ya mahali pamoja tu, ningeshauri pawe hapa. Injini ya nguvu za farasi 40 ina uzito wa kilo 70 hadi 100 hivi, na ikifanya kazi huusukuma ukuta wa tezi kwa nguvu zake zote. Kila bolti iliyopita katika ukuta huo ni tundu, na kila tundu lililokosa dawa ya kuziba ni mlango wa maji kuingia katika plaiwudi. Mbao huoza gizani, huku nje rangi ikiendelea kung'aa.

Inua injini kidogo, shika sehemu yake ya chini, uipandishe na kuishusha kwa nguvu huku mwenzako akiutazama ukuta kwa makini. Ukuta mzima hautikisiki. Ukiona unapinda, au nyufa zinafunguka kwenye pembe, au maji meusi yanachuruzika kando ya bolti, basi chombo hicho kisishuke majini. Fundi atatoboa tundu dogo upande wa ndani: unga wa mbao ukitoka mkavu na mweupe, mbao ni nzima, ukitoka mweusi na uliolowa, wenye harufu ya kuoza, mbao imekufa. Baada ya hapo tundu lizibwe mara moja. Injini iliyong'oka kwa mwendo wa kasi hufungua nyuma ya boti kama mlango, na mlango huo haufungwi.

Sakafu na mzigo usioonekana

Vua viatu, utembee juu ya sakafu yote ukikanyaga kwa visigino. Sakafu ikibonyea kama godoro, mbao ya chini imeoza, na huenda mihimili nayo imeoza. Mihimili ndiyo uti wa mgongo. Pasipo hiyo tumbo la boti hupiga mawimbi kama bati lililolegea, hata likapasuka.

Kadhalika lichunguzwe lile povu gumu. Katika boti kuukuu povu hilo huweza kunywa maji na kuyashika kama sifongo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Povu lililokunywa lita 150 ni mzigo wa kilo 150, nao hauonekani wala haupungui. Tena povu hilo, lililowekwa liwe mkombozi wa mwisho, halina tena nguvu ya kuielesha boti. Fundi akate tundu dogo sakafuni, atoe kipande, akikamue. Likitoa maji, litolewe lote na kuwekwa jingine. Fedha zikikosekana kwa sasa, jerikeni tupu za plastiki zilizofungwa barabara na kufungwa kwa kamba chini ya viti husaidia: moja ya lita 20 hubeba karibu kilo 20 ikizamishwa. Hiyo ni nyongeza ya usalama. Haigeuzi boti mbovu kuwa nzima.

Ngama na nguruzi

Wahenga wa pwani walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambako maji yote hukusanyikia. Usafishe humo mifuko, magamba ya samaki na matope, maana hayo ndiyo yazibayo pampu saa ya hatari. Kisha mimina ndoo moja ya maji, uwashe pampu, uone kama inayatoa nje. Pampu ambayo haijajaribiwa ihesabiwe kuwa haipo.

Chini ya ngama pana tundu la kutolea maji boti ikiwa nchi kavu, na kizibo chake, ambacho mabaharia wa pwani hukiita nguruzi. Ni kitu kidogo kuliko yai, lakini kimezamisha vyombo vingi duniani kwa sababu tu kilisahauliwa. Tazama mpira wake na hesi zake. Kama vimelika, badilisha. Nguruzi ya akiba ifungwe kwa uzi karibu na usukani.

Ili kutafuta mvujo, mimina ngamani ndoo tano au sita za maji boti ikiwa bado nchi kavu, kisha ukaushe tumbo la nje kwa kitambaa na kungoja. Mahali patakapotokwa na jasho papigwe chaki. Usiijaze boti, maana meta moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, na nchi kavu hakuna ziwa la kulishika tumbo hilo kwa nje.

Petroli, umeme na pua yako

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu ukapeperuka. Hushuka ngamani na kulala humo ukingoja cheche. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha chochote, inama unuse. Ukisikia harufu, usiwashe injini, pampu, taa wala sigara mpaka umeona mvujo ulipo na hewa imesafishwa.

Pinda mipira ya petroli kwa vidole. Mpira ulio mgumu au wenye nyufa ubadilishwe siku hiyo hiyo. Petroli iliyokaa tangini muda wote boti ilipokuwa imelala imwagwe katika chombo cha usalama na isitumike. Betri ifungwe isiteleze, vichwa vyake vifunikwe, na isikae ubavuni mwa tangi. Nyaya zilizoungwa kwa kusokotwa tu na kufungwa kwa mfuko wa plastiki zikatwe na kuungwa upya. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na dereva, na mshale wake uwe kwenye kijani.

Injini na usukani

Chunguza rafadha, yaani propela: mbawa zisiwe zimepinda, na nyuma yake pasiwe na uzi wa nyavu uliojizungusha, kwa kuwa uzi huo hukata mpira wa kuzuia maji. Fungua kidogo oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia. Injini isiwashwe bila maji ya kuipoza, na ikiwashwa, mchirizi wa maji utoke kwa nguvu pembeni mwake. Mchirizi ukikoma, injini izimwe papo hapo.

Zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, mara kadhaa. Ukiwa mzito, dawa si kuutumia nguvu; waya wake umeshika kutu na waweza kukatika boti ikiwa kasini. Mwisho ijaribiwe ile kamba fupi inayofungwa mkononi au kiunoni mwa dereva ili injini izimike akianguka. Ivute, injini izimike. Isipozimika, ifanyiwe kazi, kwani boti isiyo na dereva huzunguka duara na kuwarudia wale walioanguka, rafadha ikizunguka.

Boti hii ibebe watu wangapi?

Boti nyingi hutoka kiwandani na kibao kinachotaja idadi ya watu na uzito. Katika boti kuukuu kibao aghalabu kimeng'oka au kimepakwa rangi. Walinzi wa Pwani wa Marekani hutoa hesabu rahisi kwa boti ndogo zisizofikia urefu wa futi 20: zidisha urefu kwa upana katika futi, kisha ugawe kwa 15. Boti ya futi 16 kwa futi 6 ni 96. Ukigawa kwa 15 wapata 6 na sehemu ndogo. Basi ni watu 6, ziwa likiwa tulivu, kila mmoja akikadiriwa kuwa na pauni 150, yaani kilo 68 hivi. Jumla yao ni kilo 408.

Sasa tuitie hesabu hii magwanda. Askari mwenye bunduki, risasi, buti na maji ya kunywa aweza kufika kilo 95. Ukigawa 408 kwa 95 wapata askari 4, wala si 6. Tena ikiwa boti hiyo imekunywa lita 150 za maji katika povu lake, zimebaki kilo 258, na hizo ni askari 2 tu. Tazama, ndugu msomaji: boti ile ile, rangi ile ile, imeshuka kutoka watu 6 hadi askari 2, na hakuna aliyeona badiliko lolote kwa macho. Ndiyo maana twasema rangi mpya si afya.

Vifaa vya kuokoa maisha

Kila atakayepanda awe na jaketi la kuokolea maisha lililo kipimo chake, naye alivae kabla chombo hakijaondoka. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Vuta mikanda yote kwa nguvu, tazama mishono, na bonyeza povu la ndani. Likiwa limekauka na kuvunjika vunjika, jaketi hilo limekwisha. La mtoto liwe na mkanda unaopita kati ya mapaja, ama sivyo mtoto atachopoka na jaketi libaki likielea peke yake. Askari avae jaketi juu ya zana zake zote, wala si chini yake.

Aidha pawe na makasia mawili, ndoo ya kukombea maji, nanga yenye kamba ndefu, tochi, filimbi, sanduku la huduma ya kwanza, na simu iliyofungwa katika mfuko usiopitisha maji. Petroli igawanywe mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la dharura. Nayo hali ya hewa iulizwe kwa wavuvi wa mahali pale, maana dhoruba za ziwa hili huzaliwa zaidi usiku na kuendelea hadi asubuhi, saa zile zile ambazo doria hupenda kuondoka.

Jaribio la majini

Ukaguzi wa nchi kavu ukimalizika, boti ishushwe tupu na kufungwa gatini kwa nusu saa. Kisha ngama itazamwe. Ikiwa kavu, dereva na msaidizi wake, wote wawili wakiwa na majaketi, waende polepole karibu na ufuko, wakate kona pande zote, warudi, na ngama itazamwe tena. Ndipo waongeze mwendo, warudi, na bolti za tezi zikaguliwe kwa mkono. Ni baada ya hapo tu watu na mizigo waruhusiwe.

Ikionekana kasoro, isifichwe kwa lipu na rangi. Ufa mdogo huweza kutengenezwa: husuguliwa mpaka penye nyuzi nzima, hukaushwa kabisa, kisha hubandikwa kitambaa cha kioo na rezini mpya. Anayesugua afunike pua na macho, maana vumbi la kioo ni sumu ya mapafu. Ukuta wa tezi na mihimili ni kazi ya fundi hodari, si ya kubahatisha.

Neno "hapana" mbele ya mkubwa

Hadi hapa tumezungumza habari za sarafu, chaki na tochi. Limebaki jambo lililo gumu kuliko yote. Askari amefundishwa kutii. Amri ikitoka, yeye husema "ndiyo, afande" na kutenda. Je, koplo aliyeona ukuta wa tezi ukipinda aseme nini mbele ya mkubwa wake mwenye haraka?

Aseme kweli, kwa heshima, na kwa maandishi. "Afande, boti nimeikagua. Ukuta wa tezi unapinda, nami nimeandika hapa. Leo haifai kubeba watu." Maneno hayo si uasi. Ni taarifa, na taarifa ni wajibu wa askari kama ulivyo utii. Naye mkubwa mwenye busara hataona kwamba amevunjiwa heshima. Ataona kwamba ameokolewa na msiba ambao angeulizwa yeye kwanza.

Ili mzigo huo usimlemee mtu mmoja, kila kituo kiwe na daftari la boti. Katika daftari hilo mkaguzi aandike tarehe, namba ya boti, aliyoyaona, na moja kati ya hukumu tatu: INAFAA, INAFAA KWA MASHARTI, au HAIFAI. Atie sahihi yake, na mkubwa atie yake. Hukumu ya HAIFAI isifutwe na haraka ya safari, wala na cheo. Ifutwe na kazi ya fundi na ukaguzi mpya. Boti ikidaiwa na dharura ya kweli, itafutwe nyingine.

Na jamaa walio nyumbani

Nanyi mlio nyumbani, mna sehemu yenu katika ulinzi huu. Kabla mume, mke au mtoto hajaondoka kwa boti, iandikwe karatasi ndogo: namba ya boti, majina ya waliomo, waendako, saa ya kurudi, na namba ya simu ya kituo. Karatasi hiyo ibaki mezani. Saa ikipita bila habari, kituo kipigiwe mara moja. Asingoje mtu mpaka giza liingie kwa kuogopa kuitwa mwoga.

Na siku mtakapopanda ninyi wenyewe pamoja na watoto, ulizeni bila haya: Nguruzi imefungwa? Majaketi yanatosha? Boti hii ilikaguliwa lini, na nani? Dereva mwema hujibu kwa furaha, kwa sababu naye ana watu wanaomngoja. Dereva akicheka swali lenu, shukeni, mngoje boti nyingine.

Wahenga walituachia methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hiyo ni methali ya nchi kavu, ambako mzembe hupewa nafasi ya pili, akajenga alichokibomoa. Katikati ya ziwa hakuna mawe, hakuna saruji, na hakuna nafasi ya pili. Basi ufa uzibwe ufukoni, mchana, huku miguu ikiwa imekanyaga udongo, na asiyeridhika na chombo aseme wakati kusema kungali kunasaidia.